Mikono ya Kicheko

Droo ya jikoni ilikwaruza. Ilikuwa na tabia ya kukwama katikati, na aliyeizoea aliinyanyua kidogo kabla ya kuivuta ili isipige kelele. Alfajiri ile mtu aliinyanyua, ila si vya kutosha. Fundi, ambaye usingizi ulikuwa umemkimbia tangu ujana wake umkimbie, alisikia mkwaruzo mmoja mfupi, kisha kimya, kisha mlango wa uani ukifunguliwa polepole.

"Mkamwana wako anachemsha maji," Mzee, mumewe, alisema gizani.

"Maji gani yanachemshiwa uani?"

"Basi kamwulize. Mimi nimelala."

Fundi hakwenda. Alijigeuza ukutani akangoja kupambazuke.

Watu wote walimwita Fundi, hata mumewe, kwa sababu cherehani iliyokaa chumba cha mbele ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha watoto wa nyumba ile. Mkamwana wake aliitwa Kicheko. Alipoolewa na mtoto wao wa mwisho, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuja na cheko ambalo wateja waliokuwa wakipimwa nguo walilipokea na kucheka nalo bila kujua linahusu nini. Kisha akazaa mtoto wa kike, na Mzee akampa mtoto jina la Bosi. "Tangu aingie humu ndani," alisema, "kila mtu amebadilishiwa saa za kazi."

Lakini tangu Bosi azaliwe, cheko lilikuwa limepungua, na Fundi alidhani ni uchovu. Kilichomshangaza ni chakula. Viazi vilikuja mezani vizima, nyanya zimepondwa kwa mkono. Siku moja Mzee aliopoa kitunguu kizima kwenye mchuzi, akakitazama kwenye kijiko.

"Huyu kaja na koti lake kabisa," alisema.

Kicheko alisema samahani, baba, akatazama chini.

Kisu kidogo kikapotea, halafu kile kikubwa. Mwishowe, katika chumba cha mbele, mkasi wa kukatia vitambaa haukuonekana mahali pake. Fundi alikuwa na gauni la harusi la kumalizia, ikabidi aazime mkasi kwa jirani, mkasi butu uliotafuna kitambaa badala ya kukikata. Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia. Mkasi mzuri unauzika. Kicheko ana ndugu wenye shida. Fundi hakulifukuza wazo hilo. Alilikaribisha na kulipa kiti.

Kesho yake mchana, akiukumbuka mlango wa uani uliofunguliwa alfajiri ile, akaenda stoo ya uani. Nyuma ya gunia la mkaa alikuta ndoo, na ndani yake, katika taulo la mtoto, visu vyote, mikasi miwili, nyembe za Mzee, hata pini za Fundi za kushikizia nguo. Akaibeba ndoo hadi chumba cha mbele. Mteja mwenye gauni la harusi alikuwa amesimama pale akijaribishwa, ana alama za chaki kiunoni. Mzee alikuwa kitini. Bosi alikuwa amelala juu ya rundo la vitambaa, na Kicheko ameketi mbali naye.

Mtu mwingine angesubiri mteja aondoke. Fundi hakusubiri.

"Sema hapa, mbele ya watu," alisema. "Unamwuzia nani vitu vyangu?"

"Siuzi, mama."

"Ila?"

"Naficha."

"Unamficha nani humu ndani? Mzee? Mimi?"

"Mimi mwenyewe," Kicheko alisema.

Kisha maneno yakatoka kama maji ya bomba lililopasuka, na hakuna aliyeweza kuyazuia. Alisema akishika kisu inamjia picha anamchoma mtoto. Haiiti, inakuja yenyewe, bila hodi. Mwili wote unatetemeka. Akikificha kisu anapata nafuu kidogo, halafu picha inarudi na nyingine nyuma yake. Sasa hata beseni la kuogeshea linamletea picha. "Sitaki, mama," alisema. "Naapa sitaki. Sijui nimekuwa mtu gani."

Mteja alivaa nguo zake haraka, akaliacha gauni kwenye meza, akatoka. Mzee alitazama vidole vyake. Fundi akamnyanyua Bosi kutoka kwenye vitambaa, akamkumbatia, na akarudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa hatua moja tu. Kicheko aliiona.

Kuanzia siku hiyo Bosi alilala chumbani kwa Fundi, na mlango ulifungwa kwa ufunguo. Wakati wa kunyonyesha Kicheko aliitwa, akapewa kiti cha dirishani, na Fundi akaketi mbele yake na kazi ya kupinda pindo mapajani. Hakupinda chochote. Alitazama mikono.

"Mkono huu ulete juu kidogo, mwanangu, niuone."

Na Kicheko aliuleta juu. Kilichouma zaidi ni kwamba Fundi hakuwa mtu mkali. Alimwekea mto mgongoni, alimletea chai na kuipoza kwanza, alimfuta jasho shingoni. Wema wote alimpa, na jicho la askari juu yake. Majirani walipouliza, alisema mwenzao ana homa. Mwanawe alipopiga simu kutoka safarini, alimwambia mkeo amelala. Kila simu, mkeo amelala.

"Mbona analala kama mtoto yeye?" dereva aliuliza siku moja.

"Mtandao unakatika," Fundi alisema, akakata yeye.

Asubuhi moja Kicheko alisimama mlangoni na mfuko mdogo. Alikuwa anakwenda kwa mama yake mdogo, upande wa pili wa mji.

"Akae na wewe, mama," alisema. "Mimi si mtu wa kukaa naye."

Fundi alijua kuwa hapo palitakiwa neno. Akamwambia aende salama. Mlango ulipofungwa akashusha pumzi, na pumzi hiyo ilikuwa ya nafuu, na baadaye hakuna alichokionea haya kuliko pumzi hiyo.

Bosi aliikataa chupa. Aliitema, akalia, akachoka, akalala na njaa yake. Siku ya kliniki Fundi alimfunga vizuri akampeleka. Muuguzi alikuwa mama mnene, miwani yake imefungwa uzi sikio moja. Alimweka Bosi kwenye mizani, akatazama, akamweka tena.

"Hajaongezeka. Amepungua. Mama yake yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Na maziwa kaondoka nayo." Hakusema kwa ubaya. Alimtazama Fundi usoni, kisha akainuka na kufunga mlango, ijapokuwa foleni ilikuwa ndefu na watu waliguna nje. Akavuta kiti. "Kaa, mama. Nieleze."

Fundi alieleza kwa sauti ambayo hata ukuta usingeisikia. Alipofika kwenye visu alisimama, akaanza upya, akasimama tena. Muuguzi hakumharakisha. Alipomaliza, muuguzi alimwuliza maswali. Anasikia sauti za watu wasiokuwapo? Hapana. Anasema mtoto si wake, au mtoto ana kitu kibaya ndani yake? Hapana, anampenda mno. Picha hizo anazitaka, au zinamtisha?

"Zinamtisha mpaka anatetemeka."

"Amewahi kumuumiza?"

"Hata kumfinya. Anaogopa hata kumkata kucha."

Muuguzi alivua miwani. "Mimi si daktari, na lazima daktari amwone, kesho, si wiki ijayo. Kuna ugonjwa mwingine baada ya kujifungua, mtu anapoteza kabisa fahamu ya kilicho kweli na kisicho kweli. Huo ni wa kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Lakini unachonieleza nimekiona kwa wengine, kina jina na kina dawa. Mawazo mabaya yanawapita wazazi wengi, hawasemi tu. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu yanakwama. Anayapiga vita, ndiyo yanazidi. Yanamtisha kwa sababu hayataki."

"Sasa anaficha visu kwa nini, kama hawezi kumdhuru mtoto?"

"Ili apate nafuu. Na nafuu hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa. Kila akificha, akili inamwambia, umeona, kulikuwa na hatari."

Mikono ya Fundi ilikuwa mapajani na hakujua aiweke wapi.

"Nilikuwa namtazama mikono," alisema. "Akinyonyesha. Kila siku."

Muuguzi alimfuta Bosi mdomo kwa ncha ya nguo yake, taratibu.

"Mlifanya mlichokijua," alisema hatimaye. "Mpeleke mtoto akanyonye. Na ukae naye kama watu wanavyokaa na mtu."

Fundi hakupitia nyumbani. Mama mdogo alimfungulia mlango nusu, akamtazama juu mpaka chini.

"Umeleta mtoto au umeleta mkasi wako tuuhesabu?"

"Nimemleta mtoto," Fundi alisema. Alistahili, akapokea.

Kicheko alikuwa chumba cha ndani, ameketi sakafuni, mikono yake ameikalia. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani. Bosi aliposikia pumzi yake akaanza kulia, na maziwa yakazidi kutoka, lakini Kicheko hakuichomoa mikono.

Fundi alijishusha sakafuni, magoti yakimlalamikia, akakaa karibu naye.

"Nilikuita mwizi mbele ya mteja," alisema. "Halafu nikakufanya kitu kibaya kuliko mwizi. Nimekosa, mwanangu."

"Ulikuwa unamlinda, mama."

"Nilikuwa najilinda mimi. Nimekosa."

Akamwambia kuwa ana ugonjwa, na ugonjwa una jina na una dawa, na kesho wanakwenda kwa daktari pamoja. Kisha akamnyooshea mtoto.

"Usiniache peke yangu naye," Kicheko alisema.

"Siondoki. Lakini sitatazama."

Na Fundi akageuza uso ukutani. Palikuwa na msumari usio na kitu. Aliutazama msumari huo mpaka kilio cha Bosi kikakatika na ikasikika sauti ya kumeza.

Hospitalini Fundi alijitanda ushungi mpaka puani asije akajulikana. Alipoona Kicheko ameketi kwenye benchi uso wazi, akaona haya mara ya pili, akaushusha. Daktari, kijana mpole aliyesimama kumpokea Fundi kama mama yake, aliuliza yale ya muuguzi na mengine mengi. Akaandika dawa ambayo anayenyonyesha anaweza kuimeza, akasema itachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Na palikuwa na kazi nyingine. Kisu kikae mezani, mtoto awepo chumbani, Kicheko asikifiche wala asikimbie, akae na hofu mpaka ichoke yenyewe. Leo kisu kiwe mbali, siku nyingine karibu, mwishowe mkononi.

"Na wewe, mama," daktari alisema, "akikuuliza kama atamdhuru mtoto, usimjibu kuwa hawezi."

"Nisimjibu? Mtoto wangu aniulize hivyo, ninyamaze?"

"Ukimjibu anatulia dakika moja, kisha atauliza tena. Mwambie hilo ni swali la ugonjwa, halafu mwendelee na mlichokuwa mnafanya."

Katika yote aliyoambiwa, hilo ndilo lililomshinda Fundi mara nyingi zaidi. Mara kadhaa jibu lilimfika kwenye meno. Alilimeza, akasema lile alilofundishwa, na Kicheko akalia, na Fundi akakaa naye akilia.

Usiku huohuo wa kutoka kwa daktari alimpigia mwanawe akamweleza yote, pamoja na uongo wake. "Ulikuwa unaniambia amelala," dereva alisema tu. Aliegesha lori akaja, akaenda moja kwa moja kwa mama mdogo, hakupitia kwa mama yake. Fundi hakulalamika.

Mteja wa gauni la harusi naye alirudi. Alisimama apimwe upya, na Fundi alipopiga magoti kushikiza pindo, akasikia swali alilokuwa akiliogopa.

"Mkamwana wako hajambo?"

Neno homa lilikuwa tayari ulimini. "Anaumwa mawazo," Fundi alisema. "Anatibiwa. Na hakuwa mwizi, mimi ndiye niliyemsingizia."

Pindo lilipoisha, mteja aliuliza akifunga mfuko wake, kwa sauti ndogo, "Ni hospitali ipi?" Fundi akamweleza njia, na hakuuliza ni kwa ajili ya nani.

Kicheko hakurudi nyumbani. Alibaki kwa mama mdogo na Bosi, na Fundi akaenda mara kadhaa kama mgeni, akibisha hodi na kungoja. Siku moja aliwakuta jikoni. Bosi alikuwa kwenye mkeka akipiga teke hewa, na Kicheko alikuwa hatua chache kutoka kwake, akimenya chungwa kwa kisu. Kisu kilitetemeka. Ganda lilikatika vipande vipande.

Macho ya Fundi yalikwenda yenyewe kwenye mikono, kabla hajayazuia. Akayaondoa haraka, uso ukimwaka.

"Umetazama, mama."

"Nimetazama." Hakujitetea. "Yamezoea. Nitayafundisha."

"Hata mimi naitazama," Kicheko alisema. "Mchana kutwa. Jana kidogo tu." Akagawa chungwa lile lililokatwa vibaya, akampa Fundi kipande kikubwa, akaendelea na jingine.

Wakala. Wakazungumza habari za Mzee, ambaye alikuwa analalamika kuwa hana tena wa kumwamrisha. Jua liliposogea Fundi alijifunga mtandio, akambusu Bosi kichwani. Lipo swali alilolibeba tangu asubuhi, mtarudi lini nyumbani, lakini aliliona kuwa si lake tena kuuliza, akaliacha. Alikwisha fika nje aliposikia anaitwa.

"Mama."

Akageuka. Kicheko alikuwa mlangoni, Bosi begani.

"Uje tena Jumamosi."

"Nije nimshike mtoto, upumzike?"

"Hapana. Mtoto nitakuwa naye mwenyewe." Akamsogeza Bosi vizuri begani. "Uje unitembelee mimi."