Sufuria ya Bi Nunzia

Katika nyumba ile ya Napoli kila mtu aliijua kanuni: kikapu kilichoshuka na chakula hakipandi kitupu. Tangu korona iwafungie watu majumbani, Bi Nunzia wa ghorofa ya juu alimteremshia tambi kwa kamba Ersilia, mchoraji aliyekaa chini yake, naye Ersilia alimpandishia michoro.

Ersilia alikuwa na kazi moja: kuyaweka katika karatasi moja madirisha yote ya ua ule, kila moja na mambo yake ya siku zile. Kinyozi Gaetano alichorwa akinyolewa na mkewe kwa mkasi wa samaki. Likabaki dirisha la Bi Nunzia, lililokuwa juu ya utosi wa mchoraji asiweze kuliona. Akakisia: mama, jiko, sufuria ya mchuzi wa Jumapili, mfuniko umefungwa barabara. Kisha akaitundika karatasi kwenye roshani, watu waione.

Siku hiyo kikapu kilishuka kitupu.

"Ersilia, mwanangu," ikauliza sauti ya juu, "nani kakwambia mie nafunika mchuzi?"

"Ni mfuniko tu, Bi Nunzia."

"Mfuniko tu. Mchuzi wa nyama hupumua. Mwiko hulazwa ukingoni, mfuniko ukauegemea. Sasa ua mzima unajua natokosa nyama kama jiko la hospitali. Nifute."

"Mie simo, mama," akasema Gaetano kutoka ng'ambo, ingawa hakuulizwa.

Ersilia alitafakari. Picha isiyo na dirisha lililomlisha ingekuwa uongo. Kukisia tena kungekuwa uongo wa pili.

"Nipe adhabu, lakini nisikufute."

Bi Nunzia akainama dirishani.

"Jumapili upike wewe. Dirisha wazi, nisikie."

Jumapili Ersilia, ambaye kabla ya kikapu kile alikula vya makopo, alisimama jikoni tangu alfajiri. Mchuzi ukatokota polepole, mfuniko juu ya mwiko.

"Koroga, dada, usiuangalie kama picha," akamchokoza Gaetano.

Adhuhuri sahani ikapanda. Baada ya muda ikarudi, imefutwa kwa mkate hadi kung'aa, na kando yake umelala mwiko mkuukuu, mweusi kwa mchuzi wa miaka.

"Chumvi umeiogopa," akasema Bi Nunzia. "Lakini umesubiri. Haya, uchore huo, kisha unirudishie."

Ersilia akauchora, mfuniko ukauegemea. Mwiko akaurudisha pamoja na kipande cha jibini, kwa kuwa mwiko ulikuwa wa mwenyewe, na kikapu hakipandi kitupu.