Malengelenge ya Boti Nyeupe

Boti nyeupe ilipandishwa juu ya magogo Jumatatu asubuhi, tumbo lake lote limejaa malengelenge. Fundi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alilipapasa kwa kiganja akasonya. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya tabaka la nje na kujikusanya ndani ya faibaglasi. Alitoboa lengelenge la kwanza kwa bisibisi. Likatoka tone lenye harufu ya siki, kisha ikatoka sauti ya marehemu mumewe.

"Jamaa mmoja alirudi kwa fundi wa boti," ilisema, ikaishia hapo.

"Kaka huyo," alisema wifi yake, bila kuacha kupiga msasa. "Hebu toboa jingine."

Marehemu ndiye aliyeiunda boti hiyo, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliyoyasema akipaka resini, ile gundi ya faibaglasi, yalikuwa yamebaki humo. Ila mkewe hakuwahi kumsikia akimaliza kichekesho hata kimoja, maana kicheko kilimzidi nguvu njiani. Mkewe alimpenda hivyo hivyo. Lakini mwisho wa hiki aliutaka, tena sana.

Akatoboa la pili. "Akasema, fundi, boti yako inavuja." Siki. Kicheko. Siki tena. "Fundi akauliza, inavuja ukiwa wapi?"

Lengelenge lililofuata lilikuwa na sauti ya bosi wa karakana: "Acheni porojo! Tabaka la kinga rukeni, mvua inakuja!"

Bosi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao. Alisikiliza, akaridhika. "Nilikuwa na sauti, nyie!" Kisha akawaambia wapake rangi juu ya malengelenge yaliyobaki, boti iondoke kesho.

"Haiwezekani, bosi," alisema fundi. "Tukiyafungia maji ndani, itavimba upya. Tutoboe yote, tuoshe kwa maji ya bomba, ikauke kabisa, ndiyo tupake epoksi, lile tabaka la kinga lililorukwa."

Yote hayo yalikuwa kweli. Kichekesho hakukitaja. Bosi, akitumaini kuisikia tena sauti yake, aliwaruhusu.

Lengelenge la mwisho lilikuwa karibu na usukani. "Nikiwa baharini tu, akasema jamaa. Basi, fundi akamwambia, usiipeleke baharini."

Fundi alicheka mpaka miwani ikamdondoka, akakaa chini kwenye vumbi la msasa, akacheka tena. Wifi yake alimshika bega akilia kwa furaha. Bosi naye alifuta machozi, na tangu siku hiyo akawa anawajibu wateja hivyo hivyo, uso mkavu.

Boti ilikauka, ikapakwa epoksi, ikarudi majini kimya kabisa.

Wiki iliyofuata walikuwa wakiunda nyingine, manyunyu yameanza. Bosi akapita. "Tabaka la kinga rukeni." Fundi alipobisha, bosi akaibeba ndoo ya epoksi na kuifungia ofisini.

Fundi akainamia resini mbichi. "Mume wangu, nimekipata," alisema. "Kizuri." Kisha akaanza kusimulia chake, cha bosi mmoja na mvua, akijikaza asicheke mpaka afike mwisho.