Nyumba Inakuja na Mpishi Wake

Nimepika shuleni miaka mingi, na jiko la shule lina adabu yake: mpishi hali mpaka mtoto wa mwisho apate, na akila, anakula amesimama, sahani mkononi, jicho kwenye sufuria. Tabia hiyo imeniingia mwilini. Hata nyumbani binti yangu huniambia, "Mama, kaa basi, hapa hakuna foleni." Sasa yule bwana akaichukua tabia yangu akanifukia nayo, na ndilo linaloniunguza mpaka leo.

Yule bwana ni dereva wa lori aliyetaka kunioa. Alifiwa na mkewe akabaki na watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume. Shule zilipofungwa akaja na wazo: tukodi nyumba kando ya ziwa wiki nzima, wanawe na binti yangu wazoeane, kisha atangaze uchumba wetu mbele yao. Nikafurahi kama mjinga. Hadi gauni nilishona. Akatutanguliza mimi na mwanangu, eti tuifungue nyumba ipate hewa.

Siku waliyofika akasema watoto wamechoka, atawaambia kesho. Kesho yake mvua. Kesho kutwa, mdogo ana mafua. Nikajitia hamnazo. Nikapika, nikapakua, nikala jikoni nimesimama kama kawaida yangu. Wanawe walikuwa na heshima: shikamoo asubuhi, asante kila baada ya kula. Nikasema moyoni, hawa tutaelewana.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, binti yake akaniletea sahani jikoni, amezipanga vizuri.

"Asante, mama mpishi. Baba amesema ukimaliza vyombo upumzike. Mwakani tukija, tutakukuta tena?"

"Baba alisema mimi ni nani?"

"Mpishi wa hapa. Alisema nyumba inakuja na mpishi wake."

Kama kitanda! Kama feni! Nikageuka. Binti yangu alikuwa anakausha vikombe, ameinamisha kichwa.

"Ulijua?"

"Aliniomba nisikwambie, mama. Alisema anawaandaa kwanza."

Hapo mori ukanipanda. Kunidanganya mimi, haya, mimi mtu mzima. Lakini kumfunga mdomo mtoto wangu, amwone mama yake anafanywa kituko siku zote hizo, abebe siri ya mwanamume mwenye ndevu zake! Nikaziweka sahani chini.

Nikaenda sebuleni na aproni yangu, binti yake nyuma yangu, nikavuta kiti, nikakaa mezani kati ya yule bwana na mwanawe wa kiume.

"Waambie mimi ni nani."

Akacheka kicheko cha kubabaisha. "Tutaongea baadaye, dada."

Dada! Jana yake jikoni nilikuwa laazizi.

"Waambie sasa hivi, kabla chakula changu hakijashuka tumboni."

Wanawe wakamkodolea macho. Barabarani mdomo wake huwatukana madereva wote wa mabasi bila kupumua, leo umekuwa zege.

"Huyu," akasema, "ni mtu mwema sana."

Mtu mwema! Sikulia. Nikavua aproni, nikaiweka mapajani mwake, nikamwambia jioni apike yeye.

Mimi na binti yangu tulikuwa tumefika getini na begi letu alipotufuata mbio, miguu peku. Mlinzi alikuwa anatufungulia. Sasa ulimi ukafunguka.

"Huyu ni mchumba wangu!" akapaza sauti, ananionyesha kwa mlinzi kwa mikono miwili. "Namwoa huyu! Sioni haya kusema!"

Mlinzi wa watu akampa hongera.

Mimi nikatazama kule alikotoka. Watoto wake walikuwa ndani, na mlango alikuwa ameufunga yeye mwenyewe.