Kompyuta Iliyojua Kusubiri

Kompyuta ya nyumba ile ilikaa kwenye kona ya sebule, juu ya meza ambayo zamani ilikuwa ya kulia chakula, na kila mtu alikuwa na lake ndani yake. Mwenye nyumba, mwalimu wa kwaya ambaye hata mkewe humwita Mwalimu, alikuwa na programu ya kuandikia nyimbo. Mkewe, mshonaji, alikuwa na michoro ya maua inayosomwa na cherehani yake ya kudarizi. Mama yake Mwalimu, Bibi wa wote, alikuwa na programu ya simu za video, iliyokaa wazi asubuhi hadi usiku kwa sababu mwanawe mwingine alikuwa mbali na hapigi kwa ratiba. Binti wa mwisho alikuwa na masomo yake, na nyuma ya masomo kulikuwa na filamu, na nyuma ya filamu Mungu ndiye ajuaye.

Hakuna aliyefunga kitu. Chako hukufunga kwa sababu ulikuwa unarudi sasa hivi, na cha mwenzako hukufunga kwa sababu ya adabu. Usiku skrini ilizimwa ili isiangaze sebule, wakaenda kulala wakidhani wamezima kompyuta. Kwa hiyo ilikuwa nzito, na kila mmoja alijua sababu: mwenzake.

Mwalimu peke yake hakulalamika sana, kwa kuwa alikuwa na jambo kubwa zaidi. Kwa miaka mingi hakutunga wimbo wa maana. Alifundisha nyimbo za wengine, akapanga sauti, akakemea wanaochelewa mazoezini, lakini chake mwenyewe hakuwa nacho. Watu hawakusema mbele yake, ila maneno yana miguu, yakamfikia nyumbani: kisima kimekauka. Mwishowe mwenyekiti wa kwaya, mama asiyezungukazunguka, alimwambia waziwazi. Jumamosi kamati itakaa kusikiliza. Akileta wimbo mpya wa maana, kwaya inabaki mikononi mwake. Asipoleta, wanamkabidhi kijana mpiga kinanda, ambaye Mwalimu mwenyewe alimfundisha tangu hajui hata kuhesabu mapigo.

Na safari hii wimbo ulikuja. Ulihusu mtu anayerudi kwao usiku baada ya safari ndefu, akakuta taa haijazimwa. Kompyuta ilipoupiga, sauti za juu zilianza polepole, zikangoja, ndipo sauti za kati zikaingia kwa unyenyekevu. Halafu, kabla ya besi, palikuwa na ukimya mrefu kidogo kuliko unavyotarajia, hata moyo ukaanza kuuliza kama mtu huyo atafika kweli. Kisha besi ziliingia, naye akafika.

Mkewe si mtu wa sifa. Siku ya harusi yao, shangazi alipomuuliza anamwonaje bwana harusi, alijibu, "Hajambo." Lakini jioni moja alisimama mlangoni na mkasi mkononi, akausikiliza wimbo mpaka mwisho, akasema, "Huu usiuguse tena." Mwalimu alikwenda bafuni, akafungulia maji, akalia kidogo kwa furaha.

Wiki ile ya Jumamosi yenyewe, michoro ya mshonaji ilikataa kufunguka. Alibofya, akangoja, akaenda kupika, akarudi, akakuta kile kiduara bado kinazunguka. Mteja alikuwa anataka mashuka yake. Akampigia simu mtoto wa dada yake.

Binti huyo alikuwa fundi wa kompyuta na mjini walimwita Bisibisi, kwa kuwa hutembea na bisibisi nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake. Aliingia, akamwamkia Bibi, akavuta kiti, na kabla hajagusa chochote akauliza:

"Hii mara ya mwisho kuzimwa ni lini?"

Walitazamana.

"Si huwa inazimwa kila usiku?" alisema Mwalimu.

"Skrini ndiyo inazimwa, baba mdogo. Yenyewe haijalala. Hata punda hupumzishwa." Akafungua ukurasa unaoonyesha kila programu na kiasi cha kumbukumbu inachokula. "Haya. Sasa tutamjua mlaji."

"Ni filamu za mtoto," alisema Mwalimu.

"Siyo."

"Basi ni Mama na simu zake."

"Mimi?" Bibi aliinua kichwa. "Mimi nimekaa kimya hapa tangu asubuhi!"

"Ni wewe, baba mdogo. Hii programu ya nyimbo, na hizo sauti zake za waimbaji na vinanda, inakula karibu nusu peke yake. Wengine wote wanagombania makombo."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bibi kwa utamu mwingi, akaendelea kufuma kitambaa chake.

Kazi ilichukua muda, zaidi kwa sababu ya mashauriano. Bisibisi hakufunga dirisha bila ruhusa ya mwenyewe. Binti wa mwisho aliacha filamu zake kwa manung'uniko. Bibi aliapa kwamba simu yake haifungwi, kwa maana mwanawe akipiga na kukuta pamefungwa atagonga wapi? Ilibidi aonyeshwe kwamba simu yake ya mkononi nayo italia, na hata hivyo alikubali kwa masharti. Kisha Bisibisi alizizuia programu zilizokuwa zinajiwasha zenyewe asubuhi, nyingine hata wenye nyumba hawakuzijua. Akazima kompyuta kabisa, akafungua ubavu wake, akapuliza vumbi lililomfanya apige chafya, na akachomeka kipande kingine cha kumbukumbu alichokuja nacho mkobani.

Ilipowashwa tena, maua ya mshonaji yalifunguka mara moja. Mshonaji aliyatazama, akasema, "Hajambo," akaenda zake kwenye cherehani. Bisibisi alijua hapo amesifiwa.

"Na wewe jaribu wako, baba mdogo."

Mwalimu aliketi, akafungua wimbo, akabofya.

Wimbo ukatoka mbio. Sauti za juu ziliruka, za kati zikazifukuza, besi zikaingia puu, puu, puu bila kungoja mtu yeyote, na yule msafiri akafika nyumbani kwake kama mwizi anayekimbizwa. Ulikwisha kabla Mwalimu hajamaliza kufungua mdomo. Bisibisi alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

"Mtamu! Ni wa harusi?"

Mwalimu alisogeza kiti karibu. Aliurudia. Ukakimbia vilevile.

"Umefanya nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeitibu. Huu ndio mwendo wake hasa. Tazama hapa juu, hii namba ya mwendo. Uliiweka wewe?"

Hakuiweka. Aliikuta hapo siku ya kwanza, na yeye, mtu wa kuongoza kwa mkono na sikio, hakuwahi kushughulika na namba. Aliandika nota, akaisikiliza mashine, alichosikia kikampendeza, akaandika nyingine. Bisibisi alimweleza bila kumwonea. Kompyuta ilikuwa imeelemewa. Sauti zikiwa chache ilijikokota. Zikiwa nyingi ilikwama kabisa, ikavuta pumzi, ikaendelea. Pale kabla ya besi ndipo maji yalipozidi unga.

"Kwa hiyo ule ukimya..."

"Ilikuwa imeganda, baba mdogo."

Alipunguza namba. Wimbo ukawa wa polepole, ndiyo, lakini sawasawa mwanzo mpaka mwisho, kama gwaride la askari waliochoka. Hapakuwa na kungoja wala shaka. Akapunguza zaidi, ukawa mbaya zaidi.

Ndipo Mwalimu alipotoa ombi ambalo fundi yule hajawahi kulisikia tangu aanze kazi.

"Irudishe ilivyokuwa."

"Nirudishe nini?"

"Uzito. Fungua vitu vyote. Mwite mtoto afungue filamu zake. Mama, fungua simu yako!"

"Ndiyo kwanza nimefungishwa!" alisema Bibi.

Walifungua kila kitu. Kompyuta, ikiwa na kumbukumbu mpya, haikujali. Bisibisi, kwa uso wa daktari aliyeombwa arudishe homa, akaichomoa ile kumbukumbu, akafunga ubavu, wakafungua tena kila kitu. Sasa ikawa nzito kweli. Mwalimu akabofya, akafumba macho. Wimbo ukaenda taratibu, ukakwama katikati ya neno, ukaruka, ukapita pale pa besi bila kusimama, halafu ukaganda kwenye nota ya mwisho ukivuma kama friji. Wakarudia. Ulikwama, lakini mahali pengine. Wakarudia tena na tena. Kila mara ilikuwa ajali mpya, na hakuna iliyofanana na ile ya kwanza.

"Ule mzigo wa zamani hatutaupata vilevile, na mashine ikielemewa haina utaratibu," alisema Bisibisi. "Pole sana, baba mdogo. Kwa kweli."

Mwalimu alibaki kwenye kiti. Aliona aibu mbele ya fundi huyu mdogo, mbele ya mama yake, na zaidi mbele ya nafsi yake, kwa kuwa alikuwa amelia bafuni kwa ajili ya kitu ambacho hakukifanya. Kisima kilikuwa kimekauka kweli. Alichochota ilikuwa hitilafu ya kompyuta.

Mkewe alitokea mlangoni na uzi midomoni.

"Mbona leo mnauharibu?"

"Hatuuharibu. Ndivyo ulivyo," alisema Mwalimu. Akamweleza yote, kwa ukavu, kama anayesoma hukumu ya mtu mwingine. "Sikutunga kitu. Mashine ndiyo iliyotunga."

Mshonaji aliutoa uzi midomoni.

"Mashine haina mapafu," alisema. "Itajuaje kungoja? Ilikuwa imekwama tu, umeambiwa. Mbona simu ya Mama nayo ilikuwa inakwama kila siku, na hakuna aliyeiita wimbo?"

"Lakini pale pa besi..."

"Pale pa besi ni hivi."

Akauimba. Hakuwa mwimbaji, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na kitambaa, na maneno mengine alikuwa hayajui, akaweka "na-na" mahali pake. Lakini alikuwa ameshona akiusikiliza wimbo ule kwa muda wote huo, chumba cha pili, mlango wazi, mguu juu ya pedali. Alianza polepole. Akangoja. Sauti za kati zilipotakiwa kuingia, aliziingiza kwa kidole. Na kabla ya besi alinyamaza, akavuta hewa, akaishika, mpaka Bibi akaacha kufuma. Kisha akaendelea.

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu bila kujijua.

"Rudia hapo mwanzo."

Alirudia. Mwalimu akawa anatia alama kwenye nota. Walipofika penye ubeti wa mwisho, akainua mkono.

"Hapana. Hapo mashine haikungoja kiasi hicho."

"Basi ilikosea," alisema mkewe.

Mwalimu alitaka kubisha. Katika miaka yote ya ndoa yao aliamini, na mara nyingine alisema mbele za watu, kwamba mke wake ni mtu wa sindano, mambo ya muziki hayajui. Akauimba mwenyewe kimoyomoyo, mara moja kwa kungoja kwa mashine na mara moja kwa kungoja kwa mkewe. Akafuta, akaandika kama alivyoambiwa. Bisibisi aliichomeka tena ile kumbukumbu, akaaga kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemsikia akitoka isipokuwa Bibi.

Jumamosi kamati ilikaa mstari wa mbele. Waimbaji walikuwa wameusoma wimbo kwenye karatasi siku chache tu, nao walikuwa na wasiwasi. Mwalimu alisimama mbele yao, mgongo wake kwa kamati. Mkewe hakuwa na desturi ya kuhudhuria mazoezi, ila siku hiyo alikuwa amekuja na majoho mapya ya sauti za juu, akakaa pembeni ya ukumbi, mahali ambapo Mwalimu angeweza kumwona kwa jicho la kando.

Walianza vizuri. Sauti za kati ziliingia kwa wakati wake. Lakini walipofika kabla ya besi, mkono wa Mwalimu ulipanda hewani ukabaki huko, na yeye akagundua kwamba hajui aushushe lini. Alama ya kungoja ilikuwa kwenye karatasi, lakini karatasi haisemi mtu angoje kiasi gani. Besi walikuwa wamejaza vifua, macho yote kwenye vidole vyake. Mwenyekiti nyuma yake alikohoa.

Mwalimu aligeuza shingo akamtazama mkewe. Alikuwa amevuta hewa na kuishika, mikono juu ya majoho, hamtazami mtu. Mwalimu alingoja naye. Ukumbi mzima ukangoja. Mabega ya mshonaji yaliposhuka, Mwalimu akashusha mkono, na besi wakaingia.

Walipomaliza, mwenyekiti alisema kwamba hakuna haja ya kikao kirefu, kwaya inabaki kwa Mwalimu wake. Wakapiga makofi. Kijana mpiga kinanda alipiga kuliko wote, na bila kinyongo, kwa kuwa alikuwa amesikia kitu ambacho yeye bado hakiwezi. Akamsogelea mwalimu wake na karatasi mkononi.

"Mwalimu, nifundishe. Pale pa kungoja, unajuaje kwamba sasa inatosha?"

"Muulize mama yenu," alisema Mwalimu, akaonyesha kwa kidevu pembeni ya ukumbi.

Wote wakacheka, wakaona Mwalimu leo amefurahi mpaka anatania. Mkewe peke yake hakucheka. Alikuwa ameinua macho kutoka kwenye majoho, anamtazama mumewe, naye alikuwa amesimama pale mbele ya watu wake wote, hajacheka pia.