Bukini wa Mama

Mama alikufa Jumatano asubuhi, saa ya kukamua ng'ombe. Siku mbili kabla ya hapo aliniita, akamtoa mke wangu Rodica chumbani, akaniambia habari ya bata bukini wake.

Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya Pasaka, vikapu vyetu vya chakula vikiwa vimepangwa duara nje ya kanisa vikingoja kubarikiwa, mama alimnyooshea kidole jirani yetu Saveta mbele ya kijiji kizima. Alisema Saveta ameiba bukini wake jike aliyekuwa analalia mayai. Saveta alikana. Hakuna aliyemwamini, maana alikuwa mjane maskini na siku hiyo kikapu chake kilikuwa na nyama. Tangu hapo walevi wakimwona hulia kama bukini. Na uani kwetu hakukanyaga tena.

"Bukini nilimpata mwezi wa saba mwaka ule ule," mama aliniambia. "Alikwama nyuma ya mbao za banda la nguruwe. Mifupa na manyoya tu. Nikamzika nyuma ya choo."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje, Gavril? Nilishasema."

"Basi nimwite Saveta sasa hivi. Yuko hapo tu ng'ambo ya uzio."

"Nilimchafua mbele za watu, atasafishwa mbele za watu. Utasema siku ya kunitoa nyumbani. Wewe, siyo Trandafir. Siwezi kusimama mbele ya Mungu na jambo hili, mwanangu."

Huku kwetu maiti haitoki uani kabla haijaombewa msamaha. Trandafir, mwimbishaji wa kanisa, huimba kwa niaba ya marehemu: nisameheni majirani, nisameheni ndugu. Watu hujibu, "Mungu amsamehe." Ana sauti nzuri, wanawake hulia, na hakuna anayeshika hata neno moja. Mama alilijua hilo.

Nikamwahidi. Ningemkatalia vipi?

Mimi ni fundi wa kupaua. Nina miaka arobaini na minane, na nimetembea juu ya mnara wa kanisa bila kamba. Lakini watu wakizidi watano wakanitazama, koo linafunga. Nikiwa darasa la sita nilisimamishwa mbele ya shule nzima nisome shairi la sikukuu. Nikajikojolea. Mwaka ule ule niliacha shule. Siku ya kuandikisha ndoa nilisema "ndiyo" mara tatu ndipo karani akasikia, na shemeji zangu wananitania mpaka leo.

Alhamisi nilikwenda kwa Padre Valerian. Alikuwa anapasua kuni.

"Padre, Trandafir aimbe, ila aongeze na jina la Saveta."

"Mama yako alitaka hivyo?"

"Hapana. Kwani hakukuambia?"

"Aliyoniambia kwenye maungamo yanabaki kwangu. Aliyokuambia wewe ni yako."

"Nitakwama."

"Utakwama. Halafu?"

"Watanicheka."

"Msibani? Labda mmoja." Akalaza shoka chini. "Gavril, mama yako anakwenda kwa Mungu, au anakwenda shimoni tu?"

"Kwa Mungu."

"Una hakika, au unasema kwa sababu mimi ni padre?"

Nilifikiri kwanza. "Nina hakika."

"Basi pale usiongee na watu. Ongea na Mungu, wao wasikilize tu. Sasa nisaidie kupanga hizi kuni."

Usiku nililala vizuri kuliko nilivyotarajia. Asubuhi nilitapika.

Ijumaa saa tano ua ulijaa watu mpaka barabarani. Jeneza lilikuwa wazi juu ya meza, mishumaa inawaka. Saveta alisimama upande wake wa uzio, kitambaa cheusi kichwani, mikono kwapani. Trandafir akafungua daftari lake. Nikaliwekea mkono.

"Bado," nikamwambia. "Nina neno."

Hapo ndipo nilipogeuka nikawaona wote. Koo likafunga papo hapo. Niliona midomo, kofia mikononi, macho. Nikahesabu pumzi kumi, hakuna kilichotoka.

"Gavril, utasema au twende tukale?" shemeji yangu Costin akaniuliza. Wawili watatu wakacheka puani.

"Nyamaza, we mlafi!" Rodica akamwambia.

Nikamtazama mama. Nikajua nikirudi nyuma, yeye ataondoka na mzigo ule, na mimi nitaishi nao. Nikasema moyoni: Bwana, mimi sina maneno, nipe hata ya kuazima. Nikafanya ishara ya msalaba, na kinywa kikaanza Baba Yetu.

Kwetu mtu akianza Baba Yetu mbele ya maiti, hakuna anayenyamaza. Ua mzima ukaitikia. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilikuwa humo kati ya zao, na nikaisikia. Tulipofika pale pa kusameheana ilishakuwa kubwa. Wakasema amina, wakanyamaza. Mimi sikufunga mdomo.

"Bwana, huyu ni mama yangu Sofronia," nikasema. "Siku ya Pasaka alimwita Saveta mwizi. Saveta hakuiba. Bukini alikufa bandani kwetu, mama akamkuta, akamzika, akanyamaza miaka kumi na tisa. Tumemtukana mtu bure. Na mimi nimecheka baa pamoja na wengine. Msamehe mama. Saveta, msamehe mama."

Trandafir alibaki ameshika daftari lake. Watu wachache wakaanza, "Mungu amsa..." kisha wakaacha, wakageukia uzio.

"Sema tena," Saveta akasema. "Huku sikusikia vizuri. Na yule Costin asikie, anajua sana kulia kama bukini."

Nikasema tena, toka mwanzo, kwa sauti niliyozoea kutumia nikiwa juu ya paa nikimwita mtu aniletee misumari. Jasho lilinitiririka, lakini koo halikufunga. Costin alitazama viatu vyake.

Saveta alitoa mikono kwapani, akashika uzio.

"Mungu amsamehe," akasema. "Mimi nitahitaji siku kadhaa."

"Haya, mama," nikamjibu.

Ua wote ukasema, "Mungu amsamehe." Padre Valerian akanipa ishara kwa kichwa. Tukafunika jeneza, tukalibeba wanne, mimi mbele kushoto. Tulipofika barabarani, Saveta alikuwa amefungua lango lake. Wanawake wakasogea wakampa nafasi, naye akaingia katikati yao, mshumaa mkononi, akatembea.