Simu ya Kituo cha Sita

Naliaka alianguka mtihani wa leseni ya dawa mara ya pili kwa sababu alirekebisha kosa. Mtu akisikia hivyo hucheka, na yeye mwenyewe alicheka kidogo, kicheko cha kuficha aibu, alipomsimulia Anita.

Katika sehemu ya vitendo ya mtihani huo unahama kituo hadi kituo, dakika saba kila kimoja, na kila kituo kina meza, karatasi ya daktari na mtahini aliyenuna kana kwamba amelipwa anune. Karatasi ya kituo cha sita ilimwandikia mtoto wa miaka miwili dawa ya pumu kwa kipimo cha mtu mzima. Naliaka aliliona kosa kabla hajakaa. Akashika kalamu, akaandika kipimo cha mtoto kwenye chupa, akamaliza dakika nne mapema. Alitoka pale akijisifu.

"Ulimpigia daktari?" Anita akauliza.

"Nimpigie ya nini na nishajua dozi?"

"Auntie, si kulikuwa na simu kwa meza?"

"Niliiona. Nilidhani ni ya examiner."

Anita akashika kichwa. Alikuwa msichana wa juzi tu, lakini leseni yake anayo, anafanya kazi kwenye duka la dawa la Adams Arcade, na kila Jumamosi alikuwa akimfundisha Naliaka kwenye baraza ya nyumba ya mama yake huko Woodley. Akamweleza kwamba kituo kile hakikuwa cha kupima hesabu. Walitaka kuona kama utampigia aliyeandika, umwambie amekosea, kisha uweke kwa maandishi kwamba umemwambia.

Ilikuwa imebaki nafasi moja ya kuurudia mtihani. Mzee Gichuru, mwenye duka la dawa la Kangemi ambako Naliaka alikuwa amesimama kaunta miaka kumi na miwili, alitaka kurudi shambani Kikuyu kabla ya Krismasi. Alimwambia waziwazi: ukipata leseni, duka utaendesha wewe, ukikosa, kuna watu wa mjini wanalitaka na wana wafanyakazi wao. Naliaka alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na aliogopa kuanza upya kuliko alivyoogopa kufa.

Basi wakaingia mazoezini. Anita alimpa rimoti ya televisheni iwe simu. Lakini kila ilipokuja karatasi yenye kosa, mkono wa Naliaka ulijiendea wenyewe kwenye kalamu. Anita akawa anampiga kidole kwa rula, polepole na kwa adabu, maana huyu ni mtu wa rika la mama yake. Haikusaidia sana.

Wala haukuwa ujinga. Hatua hamsini kutoka dukani kulikuwa na kliniki ya daktari Obuya, aliyemtibu Norman, mwana wa Naliaka, nimonia akiwa bado mchanga. Karatasi za Obuya zilianza kuja na makosa, mwanzoni moja kwa mwezi, siku hizi karibu kila wiki. Gichuru alikuwa amemfundisha Naliaka tangu siku ya kwanza: tengeneza, mpe mgonjwa, nyamaza. Mzee wa watu utamwanzaje kumwambia amekosea? Naliaka aliiita heshima. Na tuseme ukweli, ilimpa raha fulani kujua kwamba mtaa mzima unapona kwa kalamu yake.

Jumatano moja, wiki mbili kabla ya mtihani, Cate wa kibanda cha mboga alileta karatasi ya Obuya ya mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Dawa ya pumu, kipimo cha mtu mzima, kama vile kituo cha sita kimetembea kwa miguu kikaja Kangemi. Naliaka akashika kalamu, akaikumbuka rula, akaiweka chini. Wakati huo hakuwa akimfikiria Cate wala mtoto. Alitaka mazoezi tu.

"Daktari, ni Naliaka wa chemist. Hii karatasi ya mtoto wa Cate, dozi iko juu. Ni ya mtu mzima."

"Hebu nisomee."

Akamsomea.

"Ni kweli. Weka ya mtoto. Asante sana." Lakini Obuya hakukata simu. "Mama Norman, hii ndiyo ya kwanza?"

Angesema ndiyo, na mambo yangeishia hapo.

"Hapana, daktari. Ni nyingi. Mimi huwa narekebisha tu."

"Na mimi nimekuwa nikijua macho yangu bado iko sawa," Obuya akasema, "kwa sababu chemist haipigi." "Na wale hawanunui kwako? Wale huenda kununua huko nje?"

Miaka yote hiyo Naliaka hakuwahi kujiuliza. Aliandika kipimo cha mtoto, akampa Cate dawa.

Jumamosi ile hakwenda Woodley. Obuya alikuja dukani na daftari la kliniki kwapani, akaomba asomewe. Wakatafuta watoto wote walioandikiwa dawa ile kwa kipimo cha mtu mzima tangu mwaka uanze, wakawatoa waliouziwa na Naliaka, wakabaki kumi na tisa. Obuya hakuweza kuzisoma namba za simu, kwa hiyo aliyepiga ni Naliaka.

"Napiga kutoka Kangemi, kwa daktari Obuya. Tulikosea dozi ya mtoto. Anaendeleaje?"

Hata Obuya aligeuka aliposikia "tulikosea." Mama mmoja aliwatukana wote wawili. Mwingine alisema ndiyo maana moyo wa mtoto ulikuwa unadunda vile, naye akaimwaga dawa kwenye sinki. Watoto kumi na wanane walikuwa wazima. Wa kumi na tisa aliitwa Emmah, miezi kumi, na simu ya mama yake ilijibu kwamba mteja hapatikani.

"Watu hubadilisha line," Obuya akasema.

"Ndio, daktari."

Hawakutazamana. Jumatatu Obuya alifunga kliniki, akaenda kutibiwa macho.

Siku ya mtihani, kituo cha sita kilikuwa na karatasi nyingine, ya mzee wa presha aliyeandikiwa dawa mbili zisizopatana. Naliaka alikuwa ameshika simu hata kabla ya kuvuta kiti. Mtahini, aliyejifanya daktari, alimjia juu: "Mimi ndiye daktari! Wewe toa dawa!"

"Sitoi mpaka turekebishe, daktari. Na ninaandika saa tuliyoongea."

Alitumia dakika zote saba.

Alipita. Anita alipiga vigelegele katikati ya duka la watu hapo Adams, na Gichuru akatoa funguo mfukoni papo hapo, kama mtu aliyechoka kuzibeba. Asubuhi ya kwanza ya duka kuwa mikononi mwake, leseni ikiwa ukutani, Naliaka alifika mapema. Kabla ya kuvaa koti jeupe alipiga namba ya mama Emmah. Mteja hapatikani. Akatoa daftari, akaandika tarehe na saa chini ya nyingine thelathini na moja za simu alizokwisha kumpigia, kisha akafungua mlango.