Kufuli Mbele ya Mtu wa Rika

Wewe, mtu aliyetahiriwa pamoja na mume wako siku moja, kwa kisu kimoja, akiwa ameketi jikoni kwako anakunywa uji wako, unaweza kusimama ukafunga sanduku mbele ya macho yake? Fikiri kwanza, usinijibu haraka. Mimi nilikuwa tayari kufunga. Aliyekataa ni mwenye bunduki.

Siku hizo tulikaa juu ya Kiganjo, karibu na msitu wa Mlima, kwenye shamba lililogawanywa baada ya mzungu kuondoka. Uhuru ulikuwa bado mpya, watu wakiutaja kama jina la mtoto aliyezaliwa juzi. Viazi vilikubali sana udongo ule, lakini nyati na nguruwe-mwitu walivijua kuliko sisi. Ndiyo sababu serikali ikampa mume wangu, Wamae, ruhusa ya kuwa na bunduki ya mitutu miwili.

Usione ni jambo dogo. Miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni, mtu alinyongwa kwa kupatikana na risasi moja tu mfukoni. Sasa Wamae, aliyekaa kizuizini mpaka meno yakalegea, alikuwa na bunduki na cheti chenye muhuri. Kila Jumapili baada ya kanisa aliipangusa kwa mafuta, na kitambaa alichotumia ni kile cha flaneli nilichokuwa nimemwekea mtoto.

Inspekta wa polisi alikuja mwenyewe kutazama mahali itakapolala. Alitaka sanduku la chuma lililoshikwa na saruji, na kufuli isiyo ya mchezo.

"Mzee, nisikize," akasema. "Ikiibwa ikiwa ndani ya kufuli, wewe umeibiwa. Ikiibwa bila kufuli, wewe na mwizi mumesaidiana. Ufunguo utakaa na nani?"

"Na mama," Wamae akajibu. "Huyu hata sukari hufungia."

Tukacheka sote. Nikaufunga ufunguo kwa uzi wa katani, nikauvaa shingoni. Nililala nao, nikalima nao. Ulikuwa wa shaba, ukaniachia alama ya kijani kifuani ambayo sabuni haikuweza kuitoa.

Kisha Nderitu akaja kututembelea. Huyu ndiye mtu wa rika la Wamae ninayekuambia. Walipelekwa mtoni kutahiriwa asubuhi moja, wakapona jeraha katika nyumba moja, wakafungwa kambi moja. Wenyewe hawakuitana kwa majina, waliitana "wakini", yaani mtu wa rika langu. Kwetu mtu kama huyo humnyimi kitanda wala chakula. Lakini Nderitu alitoka kizuizini akakuta shamba la baba yake limeandikwa jina la mwingine, na hakupata hata kipande cha kuchimba choo. Nilimhurumia. Nilimpikia irio, nikamwekea blanketi jipya katika thingira, ile nyumba ndogo ambamo Wamae alipokea wanaume wenzake.

Siku ya pili Wamae akanyoosha mkono. "Mama Kabura, lete ufunguo. Nataka wakini aone kitu."

Nikampa. Nderitu akaishika bunduki, akaigeuzageuza, akachungulia ndani ya mitutu. Wamae akamwonyesha jinsi inavyofunguka vipande viwili, kitako kando na mitutu kando, kama mtu anayeonyesha ndama wake wa kwanza.

"Wakini," Nderitu akasema, "umekuwa mzungu kabisa. Kilichobaki ni mbwa na kofia."

Alicheka, lakini Wamae hakucheka vizuri.

Bunduki iliporudishwa, nikasema, "Baba Kabura, ufunguo."

"Wa nini?"

"Wa kufungia."

"Ati nifungie chuma mbele ya wakini?" Akamtazama mwenzake, kisha akanitazama mimi. "Unataka niitwe mzungu mara mbili? Kachemshe chai."

Akautundika ufunguo kwenye msumari ulio karibu na mlango, pale tulipotundika taa. Niliuomba tena jioni, wakacheka wote wawili. "Wakini," Nderitu akasema, "mke wako angekuwa askari jela, hatungetoka mpaka leo."

Nderitu alikaa karibu wiki nzima, tukimwacha nyumbani tunapoenda shambani. Siku moja nikatafuta mpini mpya wa jembe langu, nilioupaka mafuta na kuusimamisha nyuma ya mlango, nisiuone. Nikadhani Kabura, binti yangu, ameuchukua kuchochea moto.

Siku ya kuondoka nilimpa mgeni gunia la viazi. Nilichagua vile vikubwa visivyo na jeraha la jembe. Yeye mwenyewe akasema atalishona mdomo, nisijisumbue, akaomba sindano ya gunia. Na unajua nani alilibeba mpaka barabarani? Wamae. Alijitwika begani, akapanda nalo kilima.

"Wakini, viazi hivi ni vizito kama dhambi," akasema huku akihema.

"Ni udongo wa mzungu huo," Nderitu akajibu.

Lori la kwenda Nanyuki likamchukua. Wamae akapunga mkono mpaka vumbi likaisha. Niliporudi nyumbani niliuchukua ufunguo msumarini, nikauvaa. Sanduku lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, kufuli imebana. Nilifurahi. Nilisema, angalau walifunga mwishowe.

Siku chache baadaye nyati wakaingia shambani alfajiri. Wamae akaja mbio, nikamfungulia sanduku. Akatoa kile kilichofunikwa kwa flaneli, akakifunua, akabaki amekishika mikononi. Kilikuwa mpini wa jembe langu.

Sote tulilikumbuka lile gunia. Nyati walikula wakashiba.

Tuliteremka kituo cha polisi pamoja, na njiani nilikuwa nikimpangia maneno akilini, nikijua atayasema. Inspekta ni yuleyule. Akauliza, "Ufunguo hukaa na nani?"

Wamae akatazama shingo yangu. "Na mama," akasema. "Aliusahau msumarini, akaenda shambani."

Nilihisi kama ameniondolea kiti wakati ninakaa. Nikasema, "Afande, ni yeye aliyeutundika. Niliuomba akakataa. Na kulikuwa na mgeni, Nderitu."

"Mzee, kulikuwa na mtu mwingine hapo?"

"Hakukuwa na mtu mwingine."

"Na Nderitu?"

"Nderitu si mtu mwingine, afande. Nderitu ni mimi."

Inspekta akaniambia ninyamaze, mwenye cheti aongee. Mwenye cheti akaongea. Kwamba mimi ni msahaulifu. Kwamba hata maziwa huacha yakamwagika. Mimi, niliyefungia sukari!

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Kwenye mashine ya kusaga mahindi wanawake waliniuliza, "Mama Kabura, leo umefunga choo?" Mama mkwe alisema mbele ya watu kwamba nyumba ya mwanawe imebomolewa na shingo ya mwanamke. Nilimngoja Wamae aseme neno moja. Neno lenyewe halikuwa refu. Alikula githeri yangu, akafuta mdomo, akatoka.

Wakati huo bunduki ilikuwa inatembea. Ndilo lililoninyima usingizi. Kila nilipomwona mtoto wa mtu njiani niliwaza, labda itampata huyu.

Aliyepatwa ni Isse, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa na duka la vitambaa Nanyuki. Watu watatu walimvamia mchana, wakampiga risasi ya paja. Nderitu alikamatwa siku hiyohiyo, na namba iliyochongwa kwenye bunduki ikawarudisha askari mpaka mlangoni kwetu. Hata kortini Nyeri, Wamae alisema ni mimi. Hakimu akavua miwani.

"Mzee, cheti kina jina la nani?"

"Langu, Mheshimiwa."

"Basi aliyeioa bunduki ni wewe, si mke wako."

Watu walicheka, mimi sikuweza. Alifungwa miezi kadhaa, na cheti kikachukuliwa.

Alipotoka jela alinikuta nimelima kila kona. Alileta wazee na mbuzi mwenye mafuta, nipatanishwe. Mzee Theuri, aliyekuwa msemaji wao, akasema, "Mama Kabura, mwenzako amerudi. Pokea mbuzi, mambo yaishe."

"Mbuzi huyo hakuwahi kunitukana," nikasema. "Mrudisheni kwake. Mimi nataka Wamae anipeleke Nanyuki."

Alinipeleka. Nadhani aliona haya kukataa mbele ya wazee. Isse alikuwa ameketi mlangoni pa duka, mguu umenyooshwa juu ya kasha, na mkongojo kando. Mke wake, Sahro, alikuwa akipima kitambaa. Nilijitaja jina na tulikotoka. Sahro akaacha kupima.

"Ni wewe ule mama aliacha ufunguo?"

Aliuliza bila matusi, kama mtu anayetaka tu kujua sura. Machozi yalinijia, nikayarudisha.

"Mama, muulize huyu," nikasema. Nikauvua ule uzi, niliokuwa bado nauvaa ingawa sanduku lilikuwa tupu, nikaweka ufunguo juu ya meza ya duka, mbele ya Wamae.

Mteja aliingia, akaona nyuso zetu, akatoka.

"Ni mimi niliutundika," Wamae akasema. "Huyu aliuomba mara mbili. Nikamcheka. Na gunia nililibeba mimi mwenyewe, kwa bega hili."

Isse alipapasa paja lake polepole. "Wewe ni mtu mzima," akasema. "Polisi walikuambia ufunge. Mke alikuambia ufunge. Sasa, mzee, wewe ulikuwa unataka nini?"

Wamae hakumtazama Isse wala Sahro. Alinitazama mimi, mara ya kwanza tangu siku ile ya kituo cha polisi.

"Wakini aliniita mzungu," akasema. "Nilitaka tu aone bado mimi ni Wamae."